Aliufuata mlima, akakosa wa kunywa naye chai

Saa kumi na mbili asubuhi, na chini ya mlima Olmoti ukungu umekaza hata uzio wa nyumba hauonekani. Lukresia Josephati anatoka jikoni na mablanketi manne begani. Anayatundika kwenye kamba iliyopita juu ya jiko la kuni, kwa sababu jua la kuanikia halitatoka mpaka saa nne, na siku nyingine halitoki kabisa. Kisha anarudi ndani kuchukua mengine manne.

Nyumba ina vitanda vinane. Jana hakukuwa na mgeni wa kuvilalia, na wiki nzima iliyopita hakukuwa na mgeni.

“Godoro la huku lisipolaliwa linaota kuvu,” anasema. “Kwa hiyo nalala kwa zamu. Usiku mmoja cha dirishani, usiku mwingine cha mlangoni. Mimi ndiye mtunza nyumba, na mimi ndiye mgeni.”

Anacheka, lakini si kicheko kirefu. Mwandishi wa makala haya alipopewa kitanda cha tatu, mwenyeji wake alimshukuru kwa dhati kwa kumpunguzia zamu moja.

Lukresia ni mjane wa miaka arobaini na saba. Anatunza nyumba ya wapanda milima iliyo mwendo wa saa moja kutoka Nainokanoka, mali ya klabu ndogo ya watu wa Arusha. Analipwa shilingi mia nne kwa mwezi, pamoja na unga na mafuta ya taa pale gari linapopatikana. Mwaka 1976 nyumba hiyo ilipokea wageni zaidi ya mia mbili, wengi wakitokea Nairobi. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata mpaka wa Kenya ukafungwa. Mwaka jana, 1981, walifika wageni kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa amepotea njia.

Hakuletwa huku na shida. Alikuja kwa kupenda, na hilo ndilo jambo ambalo watu wa Karatu hawajamsamehe hadi leo.

Alikuwa akifua shuka katika nyumba ya kulala wageni pale Karatu mjini. Mwaka 1974 aliombwa kwenda kuwapikia wanafunzi waliokuwa wakipanda Olmoti. Alipomaliza kuosha masufuria, badala ya kupumzika, akawafuata hadi ukingoni.

“Niliona bonde la nyasi limezungukwa na mlima pande zote, na kijito kinatoka humo kinaanguka,” anakumbuka. “Nikakaa chini. Nikasema, miaka yote nimeiona milima kwa mbali nikianika shuka za watu. Sasa nataka niamke niko nayo.”

Miezi mitatu baadaye alikuwa amehama. Ndugu zake walifanya kikao. Kwa wakulima wa Karatu, mtu huhama kufuata shamba, mume au mshahara. Kuhama kufuata mlima ni jambo ambalo hawakuwa na jina lake, na wengine waliamini kuwa mama wa watu amechezewa.

“Nilimwambia, dada, baridi imekuingia kichwani,” anasema mdogo wake, Marsela, ambaye analima maharage na ngano nje kidogo ya Karatu. “Mtu unaishije mahali ambapo huruhusiwi kuotesha hata figiri?”

Hapo Marsela ana hoja. Nyumba imo ndani ya eneo la hifadhi, ambamo kilimo kimepigwa marufuku tangu 1975, na Lukresia, binti wa wakulima, hana hata tuta moja la vitunguu. Anakula kinacholetwa.

Lakini kila Jumapili anapanda hadi ukingoni, mikono mitupu, bila sababu yoyote ila kutembea. Mwanzoni majirani zake Wamasai walimwona wakadhani amepoteza ng'ombe. Walimwuliza wa rangi gani, ili wamsaidie kumtafuta. Alipowaambia anatembea tu, walitazamana, wakamtakia heri, wakaenda zao.

Wakati wa wageni, majirani hao hakuwahitaji sana, na mwenyewe anakiri hivyo. Nyumba ilijaa buti za matope na hadithi za watu wa mbali. Maziwa aliletewa na Naserian, mke wa mfugaji mmoja, ambaye boma lao liko ng'ambo ya korongo. Walisalimiana kwa Kimasai, “takwenya”, “iko”, Naserian akamimina maziwa, akaondoka.

Wageni walipokatika, ndipo kimya kikaanza. Lukresia anasema hakukijua kimya mpaka hapo.

“Mlima ni mzuri, siutukani,” anasema. “Lakini mlima hauulizi umelalaje. Ikafika mahali napika ugali, naupakua, nautazama. Nautazama tu. Nikasema lazima nipate mtu wa kula naye.”

Mtu aliyepita pale mara nyingi kuliko wote alikuwa Tajewo, morani wa boma hilohilo la Naserian, aliyekuwa akichunga ng'ombe wa baba yake upande ule. Morani ni vijana wa Kimasai waliokwisha kutahiriwa lakini hawajawa wazee. Ndio walinzi wa mifugo. Asubuhi moja ya mwaka 1979 Lukresia alimwona amejikunyata kando ya uzio, shuka limelowa umande. Akaingia ndani akapika chai.

Haikuwa chai ya hivi hivi. Sukari ilikuwa imeadimika, kama ilivyo sasa, na ile kidogo aliyokuwa nayo alikuwa ameipangia foleni kutwa nzima Karatu. Alitia maziwa ya Naserian, akatia vijiko viwili, akasita, akatia cha tatu. Akampelekea.

Tajewo alikitazama kikombe, akatikisa kichwa, akaondoka na ng'ombe wake.

Wiki iliyofuata Lukresia alijaribu tena, kwa maziwa matupu. Kijana akakataa. Mara ya tatu, kwa uji wa maziwa. Akakataa pia, kwa upole uleule.

Mtu asiyewajua Wambulu, kabila la Lukresia, anaweza kuliona hilo ni jambo dogo. Siyo dogo. “Kwetu, mtu akikataa chakula cha nyumba yako amekutukana matusi makubwa,” anaeleza Lukresia. “Amekuambia wewe ni mchawi, unataka kumwua. Akikataa mara tatu, unaficha uso wako. Mimi niliuficha.”

Aliuficha kwa miaka miwili. Kila alipomwona morani kwa mbali aliingia ndani akatia komeo. Aliacha kununua maziwa kwa Naserian, maana aliamini boma zima lilikuwa na neno moja juu yake, akaanza kunywa chai ya rangi. Jumapili aliendelea kupanda mlima, lakini kwa njia ya nyuma, ambayo ni ndefu na ina upupu. Mwanamke aliyehama mji mzima ili awe karibu na mlima sasa alikuwa akiuendea kwa kujificha kama mwizi. Inasikitisha, na yeye mwenyewe akilisimulia hilo sauti yake hushuka.

Katika miaka hiyo miwili ndipo alipomwambia Marsela kuwa atarudi. Kaka yao alikuwa na chumba cha uani, na Marsela aliahidi kumtunzia.

Masika ya mwaka jana Lukresia alishikwa na homa ya mapafu. Alijilaza, komeo limetiwa, jiko limezimika. Ni Tajewo aliyetambua kuwa paa la nyumba ile halitoi moshi. Aliita, hakuitikiwa. Alikimbilia bomani akarudi na Naserian na vijana wenzake, wakavunja dirisha la jikoni, wakamlaza mgonjwa juu ya ngozi ya ng'ombe na kumbeba kwenye mvua mpaka barabarani. Gari lililopita likamfikisha hospitali ya Endulen.

“Nilizinduka nikasikia watu wanahema, naning'inia,” anasema. “Nikafungua macho nikamwona yule yule anayenichukia, ameshika ngozi upande wa kichwa changu.”

Aliporudi, kitu cha kwanza alichofanya ni kupika chai ya maziwa. Alimngoja Tajewo apite, akamwendea nje ya uzio, akampa kwa mikono miwili. Kijana alikuwa peke yake na ng'ombe. Akatikisa kichwa.

Hapo Lukresia alishindwa. Alilia mbele yake, kikombe mkononi. “Hata baada ya kunibeba? Nimekukosea nini mimi?”

Tajewo, ambaye Kiswahili chake ni cha mnadani, hakuelewa kilichomsibu mama huyo. Aliwaacha ng'ombe, jambo ambalo morani halifanyi ovyo, akaenda kumleta Naserian.

Naserian alisikiliza mambo yote tangu ile chai ya vijiko vitatu. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi.

“Nilimwambia, mama, morani hanywi maziwa peke yake,” Naserian alimsimulia mwandishi. “Mpaka awe na mwenzake wa rika. Hata mimi niliyemzaa nikimpa akiwa peke yake hanywi. Wewe ulikuwa unampa kila siku akiwa peke yake! Afanye nini?”

Tajewo ni mtoto wake wa kwanza.

Lukresia alimwuliza kwa nini hakuna aliyemwambia miaka yote hiyo. Naserian alishangaa. Kwao hilo mtoto analijua, na hawakufikiri kuna mtu duniani asiyelijua. Walichokuwa wakikizungumza bomani ni kingine kabisa.

“Tulikuwa tunamhurumia,” anasema Naserian. “Tulikuwa tunaulizana jioni, yule mama wa nyumba ya bati anakula na nani? Mtu mzima anakula peke yake kila siku, amefanya kosa gani? Halafu akaanza kujifungia. Tukasema basi, labda ndivyo anavyotaka.”

Siku iliyofuata Tajewo alikuja na mwenzake. Walikunywa chai wakiwa nje ya uzio, wamesimama, kwa kupokezana kikombe kimoja, wakashukuru wakaondoka. Walirudi mara kadhaa. Kisha yule mwenzake akahamia Kakesio na mifugo, na Tajewo akabaki kupita peke yake. Sasa akifika hunyoosha mkono kusalimia, hutabasamu, na chai hukataa kama zamani. Lukresia humpungia. Halafu huingia ndani na kunywa yake peke yake, maana Naserian, aliyeanza tena kumletea maziwa, humimina na kuwahi bomani.

Siku ya tatu ya mwandishi kuwapo pale, gari la viazi lilipanda kutoka Karatu, na ndani yake alikuwamo Marsela. Alikuja kumchukua dada yake. Kaka yao alikuwa amepata mpangaji wa kile chumba cha uani, na alitaka jibu jioni ileile: Lukresia anashuka, au chumba kinakwenda.

Walizungumza jikoni, mlango wazi.

“Ulisema mwenyewe umechoka,” alisema Marsela. “Ulisema unaongea na masufuria.”

“Nilisema.”

“Wageni hawaji. Safari hii moshi usipoonekana, nani atakubeba? Huyo kijana ataoa, atahama.”

“Wamesema mwakani baada ya masika ni sherehe yao ya maziwa,” Lukresia alijibu. “Rika lao lote. Ikipita hiyo, mtu anaweza kunywa peke yake. Anaweza kuingia kwangu, akakaa kwenye kiti.”

Marsela alimtazama. “Dada. Unaacha chumba, unaacha ndugu zako, kungoja mtoto wa watu aje anywe chai?”

Marsela ndiye aliyelia. Alimwachia dada yake mfuko wa maharage na shuka zito, akamkumbatia, akapanda gari bila kugeuka. Dereva alikuwa ameshapiga honi mara mbili.

Mwandishi alimkuta Tajewo karibu na korongo na kumwuliza, kwa msaada wa Naserian, kama anajua kuwa kuna mtu anamngoja. Alisema anajua. Sherehe si yake, alisema, ni ya rika zima, na wazee ndio wanaopanga siku. Je, ikipita atakwenda? Kijana aliinamia fimbo yake, akawatazama ng'ombe.

“Siku hiyo nitakuwa mtu mwingine,” alisema. “Nitakuwa na mke, na mambo mengi. Tutaona.”

Mchana huo jua lilitoka kwa mara ya kwanza tangu mwandishi afike, na Lukresia akamwongoza mwandishi hadi ukingoni, kwa njia ya mbele, inayopita karibu na boma. Huko juu hapumui kama mtu wa miaka yake. Alionyesha kwa kidole pale kijito kinapoanguka, kisha mlima Loolmalasin upande wa mashariki, na kwa dakika chache alikuwa na furaha isiyofichika.

Alisema Jumapili zake haziuzi kwa chumba chochote cha Karatu. Alisema pia kwamba usiku humwia mrefu, na kwamba baada ya gari la viazi kuondoka alikuwa amekwenda kusimama barabarani mpaka mlio wake ukaisha. Mambo hayo mawili aliyataja pamoja, na hakuona kuwa yanapingana.

Mwandishi alimwuliza anachopanga. Alisema mwakani ataomba sukari mapema. Anataka kujifunza Kimasai cha kutosha kumkaribisha mtu ndani, akae.

Na kama sherehe itapita na Tajewo asije?

Lukresia alikaza shuka alilopewa na mdogo wake.

“Basi nitajua kuwa hakutaka yeye,” alisema. “Mpaka leo nimekuwa na mila ya kusingizia.”