Kapiteni Aliyerudi Kila Baada ya Kumi

Sipendi kuchekwa. Walimu wenzangu wanalijua hilo, na ndiyo maana kisa hiki sijawahi kuwasimulia. Hata sasa nikiandika naona aibu kidogo, kisha hasira, kisha ile hamu ambayo haijaisha tangu nitoke Kitshanga.

Nilikuwa nafundisha darasa la tano huko. Kila siku baada ya masomo nilipitia kwenye depo ya rafiki yangu, mama wa Butembo, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, aliyeuza sabuni, chumvi, betri na mafuta ya mawese. Aliniita Madame, kama wanafunzi wangu, hata baada ya kuzoeana mpaka kula sahani moja. Mimi nilimwita dada. Mume wake alikuwa anasindikiza mizigo kwa lori hadi upande wa Walikale. Safari moja alipiga simu kutoka Mpofi, akasema njia imeharibika sana lakini kesho wataendelea. Hatukusikia tena habari yake. Lori halikuonekana, wala dereva, wala yeye.

Nyuma ya mlango wa depo kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kofia yake ya kahawia. Alikuwa nazo mbili, moja aliondoka nayo. Kila aliporudi kutoka njiani alikuwa akiketi juu ya gunia la chumvi, anavua kofia, anaiweka gotini, ndipo anaanza kusalimia watu. Ukimsalimia kabla ya hapo, alikuitikia kwa kichwa tu.

Katuni ilituingilia kwa bahati. Rafiki yangu alipeleka kadi ya kumbukumbu ya simu yake kwa mtu wa kuchaji simu pale sokoni, amwekee nyimbo za kwaya. Mtu yule alimwekea kwaya, na kwa kuwa kadi ilikuwa na nafasi bado, akajaza na katuni ya Kijapani ya mambo ya angani, vipande tisini na sita. Watu wa katuni walisema Kijapani, na chini yalipita maandishi ya Kifaransa. Rafiki yangu hakusoma Kifaransa. Basi tuliegemeza simu kwenye karto ya sabuni, mimi nikawa nasoma na kumgeuzia kwa Kiswahili, mbio mbio, maana maandishi yale hayamngoji mtu. Mvua ikipiga mabati nilisoma kwa kelele mpaka wateja wakauliza nani anagombana na nani.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Jua la watu wale limezimika. Meli saba za angani zimewabeba waliobaki, zinatafuta nyota nyingine ya kukaa, na nyuma yao adui anawafuata bila kuchoka. Sisi tuliokaa Kitshanga, kambi za wakimbizi zikiwa kila upande wa mji, hatukuhitaji kuelezwa zaidi. Rafiki yangu alikuwa na lalamiko moja tu, nalo alilirudia kila siku.

"Aba bantu balikimbia bila sufuria," alisema. "Batapika na nini?"

Nilimjibu kwamba wanakula vidonge. Akasema mtu wa vidonge hawezi kupigana vita ya vipande tisini na sita.

Meli ya kwanza ilikuwa na kapiteni mtu mzima, mpole, mwenye kikohozi. Kabla ya kutoa amri yoyote aliketi, akavua kofia, akaiweka gotini. Mara ya kwanza tulipomwona akifanya hivyo, nilisahau kusoma maandishi. Rafiki yangu alinyanyuka akaenda kupanga betri ambazo zilikuwa zimepangwa tayari, kisha akarudi kuketi. Toka siku hiyo tuliiangalia katuni kwa ajili ya kapiteni, mambo mengine yote yakawa nyongeza.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Simu ile ya zamani ilipanga vipande kwa namna yake: baada ya moja ilileta kumi, kumi na moja, hadi kumi na tisa, ndipo ikaleta mbili. Baada ya mbili ikaleta ishirini mpaka ishirini na tisa, ndipo tatu. Namba ziliandikwa pale pale juu ya kioo, lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye Kifaransa. Katika kipande cha kumi na nane kapiteni akafa. Tulimwona akifungwa ndani ya kitambaa cheupe na kusukumwa gizani, watu wa meli saba wakiimba. Rafiki yangu alilia, nami nililia, mteja aliyekuja kununua chumvi akatupa pole akidhani tuna msiba. Kipande cha kumi na tisa kikapita bila yeye, siku mbili baadaye tukafungua kilichofuata, na kapiteni huyu hapa, anakohoa, anavua kofia, anaiweka gotini.

Mwingine angejiuliza. Mimi nilieleza. Nilimwambia rafiki yangu kwamba huko mbali angani wakati hauendi kama wetu, mwanga unapinda, leo inaweza kuja kabla ya jana, wanasayansi wamelithibitisha. Nilichora hata duara kwenye karatasi ya kufungia sabuni. Msichana wa meli ya tatu aliyekuwa ameolewa alipotokea tena akiwa mtoto, nikachora duara jingine. Rafiki yangu alitazama michoro yangu na kusema, "Kumbe." Nilifurahi kama mwalimu anavyofurahi mtoto akishika hesabu ngumu.

Ikawa desturi yetu. Vipande kumi tunavumilia bila kapiteni, tunabishana juu ya wengine. Mimi nilimchukia daktari wa meli ya pili kwa maringo yake, yeye alimtetea, akisema mwanamke anayewapa dawa watu elfu moja ana haki ya kuringa. Halafu cha kumi na moja kapiteni anakuja siku moja, anakaa, anaondoka. Siku hiyo rafiki yangu alifunga kitambaa kizuri kichwani. Alifagia depo mapema na kuchemsha chai ya tangawizi. Nilimtania kwamba anapokea mgeni, naye hakukataa.

Tulipofika themanini na tisa, ghafla akawa mzito. Leo kichwa kinamuuma, kesho lazima ahesabu karto, keshokutwa tungoje mvua ipite. Kipande kilichofuata kilikuwa cha tisa. Nilikasirika, nikamwambia kama amechoka na katuni aseme, nami nina daftari za kusahihisha. Akaniambia tu tungoje. Niliondoka siku hiyo bila kumuaga vizuri, na hilo nalijutia, kwa sababu wiki iliyofuata vita ilikaribia mji na watu wote wakaingia barabarani.

Tulitembea pamoja mpaka njia zilipoachana. Mimi nilikuwa narudi Kingi, kwenye shamba la wazazi wangu. Yeye alisema anaenda Mpofi. Nilimuuliza ana nani Mpofi, akasema ni pale mume wake alipopigia simu, na mtu akirudi huanza kutafuta pale alipoachia. Hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Alikuwa amevaa ile kofia ya kahawia juu ya kitambaa chake, na mgongoni alibeba godoro. Sufuria alizisahau zote. Ingekuwa siku nyingine ningemcheka mpaka kesho. Alifungua simu, akatoa kadi, akanipa.

"Weka weye," alisema. "Lakini ile ya tisa usiiangalie bila mimi."

Kingi nililima viazi na maharagwe na ndugu zangu, nikafundisha watoto chini ya turubai. Nilimkumbuka rafiki yangu sana. Mtu akisema neno la kuchekesha nilikuwa nageuka kumtafuta, na pembeni yangu alikuwa mtu mwingine. Rafiki yangu alifungua meza ndogo ya biashara kule Mpofi, na Jumapili baada ya misa alikuwa akipanda kilima chenye rezo ya simu kunipigia. Habari za watoto wangu, habari za viazi, na mwishoni swali lile lile: ile ya tisa ingali pale? Nilimwambia ipo. Akasema vizuri.

Mwaka wa pili wa kukaa kule, mashemeji zake wa Butembo wakaanza kumwambia asomeshe misa ya marehemu. Walisema hakuna mwili, sawa, lakini roho ya ndugu yao haiwezi kuachwa njiani kama mzigo uliodondoka. Akakataa. Walipomsukuma sana, aliwajibu kwamba yeye mwenyewe ameona mtu akizikwa na kurudi. Alinisimulia huku akicheka, lakini kicheko chake hakikufika mwisho.

Nilinunua simu mpya wakati huo huo. Nikaingiza kadi, na simu mpya ikapanga vipande sawasawa: moja, mbili, tatu, nne. Nilitazama ile orodha nikiwa nimesimama shambani na jembe begani. Nilianza upya, nikaruka cha tisa kwa sababu nilikuwa nimeahidi, nikaishia themanini na tisa pale tulipokuwa tumefika. Kila kitu kikakaa mahali pake. Msichana ni mtoto, anakua, anaolewa. Kapiteni yupo, yupo, yupo, na kwenye kumi na nane anakufa. Baada ya hapo hayumo tena hata mara moja. Vipande vyote vile tulivyomwona akija kututembelea vilikuwa vya kabla ya kifo chake.

Niliukasirikia ule ujinga wangu, na maduara yangu, na mtu wa kuchaji simu ambaye hakuwa na kosa. Kisha nikaogopa. Mimi ndiye niliyemfundisha dada yangu kwamba mtu akizikwa anaweza kurudi, nikampa na sayansi ya kumsaidia kuamini. Amekaa Mpofi anamngoja mume wake kwa elimu yangu. Nikimwambia ukweli, nitakuwa nimemzika mwanamume yule kwa mkono wangu. Nikinyamaza, atazeeka kwenye meza ile akiangalia barabara. Jumapili tatu nilinyamaza. Ya nne aliniuliza mwenyewe: mashemeji wanataka jibu, Madame unasemaje?

Nikamwambia. Nilisema vibaya, kwa haraka, kama ninavyosema mambo yote. Nilimweleza juu ya simu ile na namna ilivyopanga, kwamba nilikosea, kwamba kapiteni hakurudi hata siku moja. 

"Minajua," akasema. "Tangu zamani."

Nilimuuliza anajua nini.

"Madame, mimi niko mufanyabiashara. Kifaransa sijue, lakini numero? Karto zinakuya na numero, kila siku nazipanga. Moja, kisha kumi? Mwenye macho haambiwi tazama."

"Sasa juu ya nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungezipanga muzuri. Angekufa mara moja, na tungebakia na siku mingi sana bila yeye. Vile ilikuwa, kila kisha kumi anarudia, anaikala, anatosha kofia, anaiweka ku goti. Nilikuwa naona kama bwana yangu anatoka mu safari." Akaongeza: "Iko moja tu ilibakia, dada. Ile tisa. Kisha yake, hana tena numero ya kurudilia. Njo juu ya ile nilikuwa nakuambia tungoje."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita dada. Nilikaa chini kwenye matuta ya viazi nikalia, bila kuficha, mpaka akaniambia ninyamaze kwa sababu salio linakwisha. Halafu akasema Jumapili ijayo nimsomee ya tisa, kisha atawajibu watu wa Butembo.

Jumapili hiyo niliazima simu ya dada yangu wa tumbo moja, nikaiweka sikioni, na yangu nikaishika mkononi na katuni. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo kubwa, vita au maneno ya kuaga. Hakukuwa na lolote. Tanki la maji la meli limepasuka, na kapiteni anashinda siku nzima na mafundi akiziba mabomba. Analowa. Anakohoa. Mpishi anamletea sahani, naye anaketi, anavua kofia, anaiweka gotini. Nilimsomea yote polepole, kwa mara ya kwanza sikukimbizana na maandishi, nilikuwa nasimamisha na kuanza tena ili asipoteze neno. Mwishoni fundi anaita kwamba bomba limefunguka tena. Kapiteni anavaa kofia, anamwambia mpishi, "Anzeni kula, nakuja," na anatoka mlangoni.

"Alikula?" aliuliza rafiki yangu.

Nilitaka kusema ndiyo. Nikarudisha nyuma nikatazama sahani.

"Hapana," nilisema. "Sahani iko tu pale ku meza."

"Sawa," akasema. "Asante, dada. Sasa nashuka, niende niwaambie basome misa."

Misa ilisomwa Butembo. Barabara ilikuwa haipitiki, kwa hiyo yeye aliisikiliza Mpofi, kwenye kanisa dogo la mbao, katekista akitaja jina la mume wake katika maombi saa ile ile. Aliniambia aliketi kiti cha mbele, na kofia ya kahawia aliiweka gotini kutoka mwanzo hadi mwisho. Wanawake walitaka kumsaidia kuishika, akawakatalia.

Hatujaonana bado. Mimi niko Kingi na yeye yuko Mpofi, na kati yetu kuna njia ambayo kila mwezi watu wanasema itafunguka. Vile vipande saba vya mwisho sijavigusa, naye hajaniomba nimsomee. Jumapili iliyopita aliniuliza, siku tukikutana, tutaanzia wapi.

Nilimwambia: moja, kisha kumi.

"Njo vile," akakubali.