Kuku wa Chini ya Meza

Miguu ya Mama Brashi iliujua mji ule kabla ya kichwa chake. Kichwa kilikuwa bado kinachanganya barabara, lakini miguu ilishajua wapi kuna mteremko, wapi lami imebomoka, na wapi pana mkahawa wenye benchi nje ambalo mtu anaweza kukalia bila kuagiza kitu. Kila jioni alirudi kwa binti yake akiwa hoi, akajitupa kwenye kochi, na mkwe wake akamwambia, "Pole, Mama," kwa heshima zote, huku akisogeza shingo ili aendelee kuona televisheni.

Kochi hilo ndilo lililokuwa kitanda chake. Tusimlaumu binti. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, kimoja cha wenyewe na kimoja cha watoto, naye alimpenda mama yake kwa dhati. Lakini mtu mzima anayelala sebuleni hana ruhusa ya kusinzia mpaka taarifa ya habari iishe, wala ya kuendelea kulala pale mtu anapokuja asubuhi kupekua mito akitafuta funguo. Mama Brashi alitaka chumba chenye mlango, basi. Na kwa kuwa hakutaka kumtwika mkwe kodi ya chumba hicho, ilibidi apate kazi, na kazi aliyoijua ilikuwa moja tu: kuchora kuta za mikahawa.

Huko alikotoka hapakuwa na mkahawa ambao mkono wake haukuupitia. Sahani za wali, vikombe vinavyofuka moshi, samaki anayemkodolea mteja jicho moja, neno "Karibuni" kwa herufi nene zenye kivuli. Jina la Mama Brashi alipewa na wapishi, likalimeza jina lake la kuzaliwa hata marehemu mumewe akalizoea. Alipobaki peke yake, binti akamng'ang'ania ahamie kwake. "Mji mkubwa huu, Mama. Mikahawa kila kona. Kazi utachagua mwenyewe."

Mikahawa kila kona ilikuwepo, hilo binti hakudanganya. Ila kila mmoja ulikuwa umetundika bango la plastiki lililochapishwa, lenye kuku wa kukaanga aliyepigwa picha sijui nchi gani, na alikuwa kuku yule yule, mkahawa hadi mkahawa. Mama Brashi aliingia, akasalimu, akaonyesha kazi zake kwenye simu, akajibiwa, "Tutakupigia." Hakuna aliyepiga. Siku nyingine alihisi hata salamu yenyewe imeanza kuchoka mdomoni mwake.

Kitu kilichomsogeza mbele kilikuwa kuta. Hakuweza kupita mbele ya picha bila kusimama. Chini ya daraja la magari vijana walikuwa wamechora nyuso kubwa kwa rangi za kupuliza, zambarau na kijani, na Mama Brashi alisimama hapo na ndoo yake ya brashi, watu wakimkwepa, mpaka akamaliza kuzikagua zote. "Mkono mzuri," alijisemea shingo upande. "Ila huyu mtoto hajui masikio. Kamfunika mwanamke wa watu nywele kichwa kizima ili asichore sikio."

Mkahawa wa kona, karibu na stendi, ndio uliomfungulia. Mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye taulo begani, wafanyakazi wote wakimwita Bosi. Alizitazama picha za kwenye simu mara mbili.

"Mama, mabango yamenichosha. Jua likiyapiga kidogo, kuku anakuwa wa bluu. Nani anakula kuku wa bluu? Nataka kitu cha kudumu. Ukuta wote huu wako. Futa hilo lichoro lizee, anza upya. Ukinipendezea, nina ndugu zangu wana mikahawa mitatu mjini hapa."

Mama Brashi alishaanza kuuona mlango wa chumba chake, na kitasa chake. Kisha akageuka kulitazama hilo lizee.

Ilikuwa meza ndefu, watu wamekaa wanakula na kucheka. Mmoja alikuwa na pengo, kacheka mpaka macho yamefumba. Mhudumu alikuwa amebeba trei huku akiangalia kwingine, na mchuzi umeanza kuinama. Na chini ya meza, katikati ya miguu ya watu, alikuwepo kuku mzima, hai, anadonoa makombo bila habari kwamba juu yake wenzake wanatafunwa. Mama Brashi alicheka kwa sauti. Tangu ahamie alikuwa hajacheka.

"Nani alichora?"

"Sijui. Nimenunua mkahawa nikaukuta."

"Yuko hai?"

"Mama, nimesema sijui."

"Basi nipe mpaka Jumamosi nimtafute."

Bosi akamtolea macho. "Umtafute wa nini? Ukuta si wangu?"

"Ukuta ni wako. Picha ni yake."

Mambo haya alifunzwa na fundi wake kabla hata hajafunzwa kuchanganya rangi. Huweki rangi juu ya kazi ya mwenzako aliye hai mpaka umemwona uso kwa uso ukamwambia. Huko kwao hakuna aliyewahi kukataa; wachoraji walijua kuta hazikai. Walitaka tu kuambiwa, mtu asiamke asubuhi akapita barabarani akakuta amefutwa.

"Haya, Jumamosi," alisema Bosi, akijifuta jasho kwa taulo. "Lakini mimi na subira hatujuani vizuri, nakwambia mapema."

Jioni binti alipolisikia jambo hilo aliweka kijiko chini. "Umepewa kazi, ukamwambia mtu asubiri? Mama! Kwa miezi yote hii ya kuzunguka?"

"Jumamosi si mbali."

"Huku hakuna mtu mwenye desturi hiyo. Watakuona umechanganyikiwa."

Mama Brashi alikuwa na chakula kinywani, na alikitafuna polepole kuliko kilivyohitaji kutafunwa.

Akaanza upya kuzunguka, safari hii akimtafuta yule kuku kwenye kuta nyingine, amfikishe kwa mchoraji. Alimpata mtaa wa pili tu, kwenye kibanda cha chai, amechorwa juu ya rafu anawachungulia wateja. Alimpata tena kwenye mkahawa wa mafundi magari, amelala ndani ya sufuria tupu kama yupo kwake. Kila mahali ilibidi aagize kitu, maana huwezi kuingia kwa watu ukauliza maswali bure, na kwa hiyo alikunywa chai mpaka akawa anaisikia tumboni akitembea. Alikula maharagwe mazuri sana sehemu moja, na sehemu nyingine akanywa supu iliyokuwa maji yaliyotishwa na mfupa. Magoti yaliuma. Bega la kulia, lile la kunyanyulia brashi, lilikuwa limeanza kumsemesha hata akiwa amekaa. Mara kadhaa alijiuliza kwa nini asirudi tu akaupake ule ukuta, na kila mara alijibu kwa kunyanyuka.

Ijumaa mchana, mpishi mmoja aliyekuwa anamenya vitunguu mlangoni aliposikia habari za kuku alicheka.

"Si Mzee Kuku huyo? Yupo kantini ya kiwanda cha mbao, pita nyuma."

"Bado anachora?"

Mpishi aliacha kucheka. "Nenda tu, utamwona."

Nyuma ya kantini palikuwa na karo la saruji na mlima wa masufuria. Mzee mwembamba alikuwa ameinama juu yake, mikono imezama kwenye povu. Hakuyatazama masufuria. Alikuwa akiyapapasa ndani kwa vidole, akitafuta ukoko, akisugua, akipapasa tena, na macho yake yalikuwa yamefunga ukungu mweupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama umeleta vyombo, weka kushoto."

"Sijaleta vyombo. Mimi ni mchoraji. Nimepewa ukuta wenye kazi yako, mkahawa wa kona, karibu na stendi. Nimekuja kukuambia kabla sijaugusa."

Mikono ilisimama ndani ya maji.

"Rudia."

Akarudia. Mzee aliitoa mikono, akaifuta kwenye suruali taratibu, kiganja na kiganja, akatafuta ukingo wa karo akauegemea.

"Tangu macho yaniache wamefuta nyingi," alisema. "Huwa naambiwa na watu wanaokuja kula hapa. Mzee, ule ukuta wako umekwenda. Wanasema vile mtu anavyokwambia mvua imenyesha. Kuja kabla, hapana. Hajaja mtu." Akageuza uso kuifuata sauti ya mgeni. "Ni ipi hiyo? Nilichora nyingi pale stendi."

Mama Brashi akamwelezea meza, trei, mchuzi unaoinama.

"Mwenye pengo bado anacheka?"

"Anacheka mpaka kafumba macho."

"Huyo ndiye aliyenipa kazi, ndiye mwenye mkahawa wa kwanza. Aligoma kunilipa mpaka nimwekee jino. Nikamwekea. Aliponilipa, usiku nikarudi nikaling'oa."

Wakacheka wote wawili, mzee akipiga ukingo wa karo kwa kofi.

"Na kuku?"

"Yupo. Kainua mguu mmoja kama anaogopa kukanyaga tope."

"Mguu uliuona?"

"Niliuona. Mguu wa kuku ni kazi, mzee. Mimi huwa nauficha kwenye majani."

"Wote mnauficha!" Uso mzima wa mzee ulifunguka. "Mimi nilikaa na kuku wa jirani wiki nzima mpaka jirani akadhani namvizia. Mguu ule ninao hapa." Akagusa paji la uso. "Hapa bado naona vizuri."

Mama Brashi alilia, na hakujisumbua kufuta machozi. Alimlilia mzee, na alijililia yeye mwenyewe na bega lake, kwa sababu karo lile lilikuwa na nafasi ya mtu wa pili na yeye aliiona.

"Futa, binti yangu," alisema mzee. "Nakupa kwa moyo mmoja. Mwenye macho afanye kazi. Ila mtu akikuuliza palikuwa na nini hapo, mwambie palikuwa na fundi."

"Nitamwambia."

"Haya, nenda. Giza lisikukute njiani."

Jumamosi alitoka mapema na ndoo yake, brashi zote, msasa, na kipande cha mkaa cha kuchorea michirizi ya kwanza. Alikuwa ameshaamua atakachochora, na alikuwa ameamua kwamba mguu wa kuku hatauficha tena. Akakunja kona.

Ukuta ulikuwa mweupe. Mweupe wote, toka juu mpaka chini, bado unanuka rangi, na vijana wawili walikuwa kwenye ngazi wakikaza kamba za bango la plastiki. Kuku wa kukaanga alikuwa ameshafika, yule yule.

Bosi alimwona akajikuna shingo. "Jamaa wa mabango walikuja jana jioni, mama. Bei ya kutupa. Bango, na rangi ya ukuta juu yao. Ningefanyaje? Biashara hii."

"Nimemwona mwenyewe," alisema Mama Brashi, kama mtu anayeonyesha tiketi basi likiwa limeshaondoka. "Amekubali."

"Nani?"

"Aliyechora."

"Ahaa." Bosi akatazama pembeni. Hakuwa mtu mbaya, na aliona aibu kidogo. "Kaa basi unywe chai. Hulipi."

Alikaa, maana alikuwa ameibeba ndoo kutoka mbali, akainywa chai akiwa ameupa ukuta mgongo. Iliuma. Iliuma kwa ajili ya chumba chenye mlango, iliuma kwa ajili ya mguu ule wa kuku, na hakujua kipi kinauma zaidi. Kijana mmoja wa kwenye ngazi aliteremka kuja kuomba maji. Alikuwa na madoa meupe mpaka kwenye kope.

"Kijana," Mama Brashi alimwambia, "hapo ulipopaka palikuwa na fundi."

Kijana alisema, "Sawa, mama," akanywa maji yake akarudi juu.

Nyumbani alimkuta binti yupo jikoni, mwiko mkononi. Alitaka kuuliza vizuri, ungemwona, lakini aliiona ndoo bado safi na brashi kavu, na uvumilivu ukamwishia.

"Wamempa mtu mwingine."

"Ndiyo."

"Nilisema! Nilisema, Mama. Sasa umepata nini? Kazi imekwenda, na hiyo picha wameifuta vile vile. Na nimekusikia jana usiku ukisema mzee mwenyewe ni kipofu. Haoni! Ungepaka siku ile ile ya kwanza, saa hizi ungekuwa na kazi ya mikahawa mitatu. Haoni, Mama. Angejuaje?"

Mama Brashi alikuwa amekaa sakafuni, anazipanga brashi kwenye kitambaa kuanzia kubwa hadi ndogo, kama alivyofanya kila siku ya kazi na kila siku ya kukosa kazi. Aliinua kichwa.

"Mimi naona," alisema.

Kitu kilianza kuungua mekoni, binti akageuka kukiepua, na alipopakua alimpelekea mama yake kwanza.