Ng'ombe wa Kwenye Kishikwambi

Vishikwambi vililetwa shuleni kwetu, mbele kidogo ya Samuye, vikisindikizwa na mtaalamu mwenye viatu vilivyochongoka. Alitutangazia walimu kwamba chaki imepitwa na wakati. Watoto sasa watajifunza hesabu kwa gemu, na gemu lenyewe litapanga nani anajua na nani hajui. Darasa langu la pili lilikuwa linabanana wanne wanne kwenye dawati, na choo cha wasichana hakina mlango, lakini eti tulichopungukiwa ni gemu. Nilipiga makofi kama wenzangu.

Gemu lilikuwa la ng'ombe, ili tujione tuko nyumbani. Wanapita kuingia zizini, muziki unapigwa, mtoto anabonyeza idadi yao. Binti mmoja wa wafugaji, aliyechelewa kuanza shule kwa sababu ya kuchunga, alibonyeza moja. Wakapita sita, akabonyeza moja. Wakapita tisa, moja tena. Kishikwambi kikamweka kundi la wasiojua namba, mtaalamu akaridhika, nami nikamwandikia mzazi barua ya wito kwa mwandiko wangu mzuri.

Baba yake alikuja kesho yake. Nilimwamkia, akaitikia, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole kwamba kama shule haimwingii, basi arudi machungani. Huko anafaa: jioni mifugo ikirudi, yeye ndiye husimama mlangoni mwa zizi, akatazama tu na kusema yupi hayupo.

Niliogopa. Nilikuwa karibu kumtoa mtoto shuleni kwa barua moja. Nikawasha kishikwambi nimwonyeshe kuwa kosa ni dogo, linarekebishika.

Baba aliwatazama ng'ombe wakipita, akakunja uso.

"Mwalimu, huyu ni ng'ombe mmoja. Si unaona baka jeupe begani? Mnamzungusha tu."

Nikatazama. Wachoraji wavivu walikuwa wamechora ng'ombe mmoja wakamrudia. Wiki nzima mimi, na stashahada yangu, nilikuwa naona tisa.

Baba alikubali binti abaki, kwa sharti afundishwe kwa chaki. Alipoondoka nilimwuliza mtoto kwa nini hakuniambia.

"Nilikwambia, Mwalimu," alisema. "Ukasema nikae chini."