Neno la Sokoni

Mama Mchina wa duka la dawa pale barabara ya Huanshi Zhonglu hufunga kabati kwa kiwiko, na sauti yake huwa ya chini kama anabembeleza mtoto. Bertila, jasho likimtoka, alimnong'oneza kwamba mumewe anataka wajaribu kwa nyuma. Mama alichukua vaselini aliyoichagua Bertila, akaipaka kwenye kondomu, akaivuta kondomu, ikapasuka: mafuta huharibu mpira. Akamwekea mezani tyubu ya kilainishi cha maji. "Man man," alisema, yaani polepole. "Na ukiumia, utamwambiaje?"

Bertila akainama. Kwenye soko la nguo la Shisanhang huwapigia wauzaji kelele, "Bu yao!", sitaki, bila haya. Vidole vya mama havikuondoka juu ya tyubu.

"Bu yao," alinong'ona.

"Tena."

Akalitamka kwa sauti, kama anavyolitamka sokoni. Ndipo vidole vikaachia tyubu.