Kompyuta ya Zamu ya Pili

Miaka ile simu za mkononi zilipoanza kupanda milima ya Upare, fundi wa minara pale Same kila akikaza nati aliipiga kofi la pongezi. Siku moja alifunga kompyuta ya pili ya kuchunga mtandao, ili ya kwanza ikizimika hii ishike zamu. Ikigoma mbele ya bosi aliyekuja kutoka Moshi kuikagua, kazi basi, arudi kwao Chome akalime tangawizi.

"Zima ya kwanza, mzee, uone maajabu!"

Bosi akazima. Ya pili ikaamka palepale, ikaonyesha kwa maandishi mekundu kwamba mnara wa Usangi umekufa tangu Jumapili.

"Mbona ile ya kwanza ilisema minara yote mizima?" bosi akang'aka.

Fundi akaipangusa ile ya pili vumbi kwa kiganja, taratibu. "Ile nilishaifundisha adabu, mzee, haisemi ovyo mbele ya wageni. Hii ndiyo kwanza imefika."