Nguzo Niliyoisimamisha Juu ya Sebule

Hapa Kariakoo jambo hili wanalijua wengi kwa kusikia, lakini leo naliungama mwenyewe, maana mwenye aibu ni mimi, paa halina kosa.

Kenchi za nyumba yetu, zile mbao zinazobeba mabati, zilikuwa zimelegea katikati. Mke wangu akasema tumwite Fundi Saidi. Mimi, niliyejifunza umeme, bomba na uashi kwa kusoma tu, nikasema fundi wa nini, nikanunua mbao, nikapanda darini kusimamisha nguzo za kuzishikilia. Kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika, tena nikapigia mstari: mguu wa nguzo ukae juu ya ukuta. Sasa ile nguzo ya mwisho, kuifikisha ukutani ilinibidi nitambae kwenye vumbi na joto la bati, na ukuta wenyewe ulikuwa mbali kwa hatua moja, nikajiambia hatua moja ni nini, nikaisimamisha juu ya mbao ya silingibodi, ambayo kazi yake ni kushika silingibodi basi. Chini yake ndiyo sebule.

Wiki ya pili wakaja washenga kumposa binti yangu Zuhura, wazee watatu wenye makoti juu ya kanzu, barua imefungwa kwenye leso. Nilishapanga kuwaambia warudi baada ya wiki mbili kuchukua jibu (mtoto wa kike hatolewi upesi kama andazi). Mzee Shomari, kiongozi wao, ndiyo kwanza anafungua leso, juu yetu mbao ikalia, kwaa!

"Panya hao?" akauliza.

"Panya tu, mzee wangu," nikajibu (niliona heri nyumba ya panya kuliko nyumba ya paa bovu), nikaomba udhuru, nikapanda darini na kanzu yangu nyeupe kwenda kuisogeza nguzo.

Sikuisogeza. Nilipoikanyaga ile mbao ikapinda, silingibodi ikapasuka, na miguu yangu yote miwili ikatokea sebuleni juu ya sinia la kahawa na halua, kanzu imebaki kwapani, na bukta niliyovaa ina kiraka. Kutoka chumba cha wanawake nikamsikia shangazi yangu: "Yarabi! Mkwe katokea juu!"

"Usitikisike!" akapiga kelele Mzee Shomari. Wazee wote watatu wakapanda juu ya makochi yangu wakiwa na soksi, wakaishika mbao kwa viganja, maana juu yake tulikuwa mimi, nguzo na paa zima. Mtu akatumwa mbio kwa Fundi Saidi.

Tukakaa hivyo. Kisha Mzee Shomari, kofia imejaa vumbi la dari langu, akauliza kwa upole, "Sasa mkwe, jibu letu lini?"

"Kwa desturi," nikajibu kutoka darini, "baada ya wiki mbili..."

"Baba Zuhura!" mke wangu akanikatiza nyuma ya pazia. "Watu wamekushikia paa, nawe unawaambia wasubiri? Zuhura amekubali!"

Vigelegele vikapigwa, mimi nikiwa nimening'inia, hakuna aliyeniuliza.

Fundi Saidi alipofika alipima kwa macho kutoka nguzo hadi ukuta, akaniangalia. "Hatua moja tu, mzee?"

Nguzo sasa iko ukutani, Zuhura yuko kwa mumewe, na mimi darini sipandi tena hata kwa kutafuta ndoo. Lakini Mzee Shomari kila akija kututembelea hutazama juu kwanza, kisha huvuta kiti chake hadi ukutani, ndipo anakaa.