Ndege ya Feza, Nilivyoiona Kutoka Shamba la Karanga

Tuliondoka Kabambare kwa sababu mdogo wangu Feza alikuwa amepata nafasi katika chuo cha wauguzi Bukavu, na wakati ule njia tuliyoweza kuiamini ilikuwa ya angani, kutoka Kasongo. Mimi ndiye mkubwa wa watoto wanne. Baba alitutoka kwanza, mama akafuata kabla sijamaliza darasa la sita, nikaacha shule nikashika jembe na sufuria ya mawese. Nilikuwa sijawahi kuona ndege ikiwa chini. Zile zinazopita juu ya mashamba yetu ni kelele tu na mstari mweupe.

Nilibeba kazi mbili. Ya kwanza ni maji. Katika ukoo wetu anayekwenda mbali haagwi kwa maneno peke yake. Mzazi anatia maji kinywani, anayapuliza kwenye viganja vya msafiri, na msafiri anajipaka usoni kisha anaondoka bila kugeuka. Mama alifanya hivyo kwa kila aliyetoka nyumbani kwetu. Sasa mwenye kazi hiyo ni mimi.

Ya pili ni picha. Mama alipopelekwa hospitali kwa pikipiki, Sifa, kitinda mimba wetu, alikuwa mdogo sana. Hakumwona tena. Jioni ya kuagana alinishika kitenge.

“Mama naye mulisema anaenda tu Kasongo,” aliniambia, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya. “Yaya, uniletee foto ya avion, Feza akiwa ndani. Nikiiona iko juu nitajua ameenda tu, hakufa.”

Ramazani, anayemfuata Feza, akanipa simu yake yenye kamera nzuri, akanionyesha pa kubonyeza. Niliwaahidi wote.

Siku ya kwanza, jua lilipochomoza, tulipanda pikipiki ya Amisi, Feza katikati na mimi nyuma, sanduku limefungwa pembeni. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake na barabara ilikuwa uji. Kwenye kila daraja la magogo Amisi alituteremsha.

“Mama, mushuke. Hii daraja haipendi watu wazito.”

“Mimi mzito?”

“Si wewe. Ni hili sanduku la huyu docteur.”

Feza alicheka mpaka akateleza, akaingia matopeni kwa goti moja. Alikuwa bado hajaanza chuo na Amisi alishampa cheo. Aliitwa docteur mpaka mwisho wa safari, na kila mara alijifanya kukasirika.

Tulifika Lusangi alasiri, tukalala kwa jamaa wa baba, ambao walitupokea kwa bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Mbele ya nyumba yao lilisimama lori la kwenda Kasongo. Kondakta alikuwa anapiga kelele: “Tunaondoka sasa hivi!” Asubuhi tulipomaliza kufunga sanduku letu, lori lilikuwa palepale, na kondakta yuleyule anaondoka sasa hivi. Hatukushangaa. Kwetu chombo kikifika, ndipo watu wanaanza kukingoja. Mtu ana nafasi ya kula, kuoga, hata kwenda kusalimia shemeji, na akirudi atakikuta.

Siku ya pili, saa tisa hivi, tuliingia Kasongo kwa pikipiki ileile ya Amisi. Tulipokelewa na Mama Zuhura, binamu ya mama yetu, mwenye duka la vitenge karibu na msikiti. Alimtazama Feza kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, “Sura ni ya mama yenu kabisa,” kisha akaingia ndani kutafuta kikombe ambacho hakikuwa ndani. Ndege ingekuja kesho kutwa, alisema, kama mvua haitaizuia.

Siku ya tatu asubuhi nilikwenda uwanjani kutafuta mahali pa kupigia picha. Kwa anayependa kuona ndege Kasongo, nitaeleza nilivyopata.

Mlangoni si pazuri. Jua la asubuhi linakupiga machoni, watu wamejaa na mizigo yao, tena mlinzi hakubali.

“Mama, hapa foto hapana.”

“Sipigi watu, napiga ndege.”

“Ndege ndiyo hapana kabisa!” Alicheka, akanionyesha mashamba kwa kidevu. “Kule nje ya mpaka, mimi sina macho.”

Nikazunguka kwa njia ya miguu, inayokwepa bonde la maji na kufuata ukingo wa uwanja. Pa kwanza nilipopata ni juu ya kichuguu, katikati ya mihogo. Unaona uwanja wote, ule udongo mwekundu ulionyooka, lakini nyasi zinaficha magurudumu. Nilipofika mwisho kabisa wa uwanja nikamkuta mzee mmoja anapalilia karanga. Jina lake Papa Shabani. Nilipomweleza ninachotaka aliegemea jembe lake.

“Watu wa Kabambare! Munapiga foto avion kama bibi harusi?”

“Kama bibi harusi, papa. Nipe mahali.”

Alinipa zaidi ya mahali. Alinifundisha kutazama moshi wa mashamba yanayochomwa, maana ndege huinuka ikielekea kule upepo unakotoka, na asubuhi nyingi upepo unaileta juu ya karanga zake. Alinisimamisha penye mteremko, jua likiwa mgongoni. Akaniambia nichutame ili nyuma ya ndege pabaki mawingu peke yake, milima isionekane. “Usibonyeze ikiwa mbali,” alisema. “Ngoja mpaka uogope. Ukiogopa, bonyeza.”

Nilikaa pale mpaka mchana. Nilijaribu kwa kunguru na mwewe. Sijui nisemeje ili nieleweke: tangu mama afariki sikuwa nimepata siku ambayo hakuna mtu anayeniuliza tutakula nini. Nilifurahi. Niliporudi, Feza alikuwa ameketi peke yake kwenye ngazi ya duka, nywele amemaliza kusukwa.

“Yaya, nilifikiri leo tutakaa pamoja.”

“Kesho tutakaa uwanjani, mpaka utachoka.”

Siku ya nne asubuhi tulikuwa tayari mapema. Mama Zuhura alileta kikombe cha maji.

“Mupe mutoto maji hapahapa, mumalize.”

Nilikataa. Mama yetu hakutoa maji nyumbani. Aliyatoa mtu akiwa na mzigo mkononi na chombo kimesimama mbele yake. Nilitaka kufanya vilevile, bila kupunguza. Nikajaza chupa ndogo, tukaenda wote watatu.

Uwanjani walipima sanduku la Feza, kisha wakampima yeye mwenyewe. “Wamenipima kama mukungu wa ndizi,” alisema. Tukakaa kidogo. Moshi ulikuwa unalala kama Papa Shabani alivyotabiri. Kutoka mlangoni hadi shamba la karanga ni mwendo mzuri, na mimi tayari nilikuwa nalifikiria shamba.

“Ngoja niende kule nikaipige ikitua,” nilimwambia. “Ikishatua nitarudi, nikupe maji, upande. Watakapokuwa wanapakia nitakimbia tena kule, nikupige ukiwa juu.”

“Na kama itaondoka haraka?”

“Chombo gani kinaondoka haraka?”

Tulicheka wote wawili, kwa sababu wote tulikuwa tumeliona lile lori. Akasema, “Sawa, yaya, lakini usikawie.”

Nilikuwa nimechutama mahali pangu niliposikia mngurumo. Filimbi ikalia, mbuzi wakafukuzwa uwanjani, mwenye baiskeli mmoja akavuka akikimbia. Ndege ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Ilitua upande wa mbali ikainua vumbi, na nikapiga picha ambayo ndani yake lipo vumbi tu. Nikaanza kurudi mlangoni. Sikukimbia. Nilikuwa naangalia ile picha.

Nilikuwa sijafika kwenye kichuguu Papa Shabani alipopiga kelele nyuma yangu.

“Mama! Iko inageuka! Hii haikai, mama, hii haikai!”

Nilitazama. Lile panga la mbele linalozunguka halikuwa limesimama hata kidogo. Walishusha, wakapandisha, wakafunga mlango, na sasa pua ilikuwa inaelekea kwetu. Kukatisha uwanja ni marufuku. Njia ya kuzunguka ilikuwa bado ndefu. Nilisimama, chupa katika mfuko, simu mkononi.

Tangu siku hiyo nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Mlangoni nisingefika, hilo najua. Lakini ningeweza kutia maji kinywani na kuyapuliza kuelekea ile ndege wakati inapita juu yangu. Kama yangehesabiwa au yasingehesabiwa, wazee wa ukoo wangeamua. Ningeweza hata kupunga mkono tu, mtu wa dirishani amwone dada yake. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilirudi mbio hatua chache hadi penye mteremko, nikachutama, jua mgongoni, nikangoja mpaka nikaogopa, nikabonyeza.

Picha ilitoka vizuri sana. Tumbo la ndege linang'aa, mawingu yako nyuma, hata madirisha yanahesabika. Papa Shabani aliitazama akasema hajaona nyingine kama hiyo. Kisha akaniangalia usoni, akachukua jembe lake, akaniacha.

Mlangoni Mama Zuhura alikuwa ameshika kanga ya Feza, ile aliyoiacha kwa sababu ya joto. Aliyenieleza ni mlinzi.

“Wamemwita mara mbili. Anasema anangoja yaya yake. Nikamwambia, yaya yako iko kule mashambani anapiga foto. Akacheka. Halafu akalia, akapanda.”

Alasiri simu ililia.

“Yaya, nimefika.”

“Nisamehe, Feza.”

“Haina shida. Foto imetoka?”

“Imetoka.”

“Basi Sifa atafurahi.” Akaongeza: “Hapa kuna robine, bomba la ndani. Nimejipaka maji mwenyewe.”

Siku ya tano na ya sita tulirudi na Amisi kwa barabara ileile. Aliuliza habari za docteur mara moja, nilipojibu hakuuliza tena. Kwenye madaraja nilishuka bila kuambiwa.

Nyumbani Sifa aliichukua simu kwa mikono miwili. Alihesabu madirisha. “Feza iko dirisha gani?” Nikasema la tatu. Sijui kama ni la tatu. Alilala fofofo usiku ule, na asubuhi akaipeleka picha kwa majirani wote akiwaonyesha dirisha la dada yake. Kwa hiyo siwezi kusema kazi ile ilikuwa bure. Ramazani aliniuliza kama maji niliyatoa. Nilimwambia kweli, jinsi nilivyowaeleza ninyi. Hakunilaumu. Aliondoka akaenda kufunga mbuzi ambao walikuwa wameshafungwa.

Feza anaendelea vizuri na masomo. Akija likizo nitampa maji siku ya kurudi kwake, lakini hiyo itakuwa safari nyingine. Ile ya kwanza aliondoka kama mtu asiye na ndugu, na mimi nilikuwapo.

Siku hizi, kwa sababu ya ile picha, watu wa Kabambare wanaokwenda Kasongo huja kuniuliza mahali pazuri pa kutazama ndege. Ninawaeleza yote: kichuguu, karanga, moshi, jua mgongoni. Ninawaambia pia kwamba ndege haikai. Kabla hawajaondoka ninauliza nani anasafiri. Wakisema ni mgeni tu au mkubwa wa serikali, ninawatakia picha njema. Wakinitajia mtoto wao au ndugu yao, ninawaambia wabaki palepale mlangoni, penye vumbi na jua la machoni, ambapo hakuna picha inayotoka.